Chuo gani hicho wanafunzi hawasubiri bumu?

Mhariri,

Pole na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na naomba safari hii msikate sana maana najua mnavyokataga, mtu anaandika shuka zima mnatoa leso.

Nimeandika kwa sababu ya ile habari iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa burudani kuhusu muvi mpya ya vichekesho vya chuo, mwandishi wenu kaisifia mpaka basi, kasema tutavunjika mbavu mwanzo mpaka mwisho na kwamba hayo ndiyo maisha halisi ya mwanachuo wa Kitanzania. Jina la muvi silitaji, sitaki kumharibia mtu riziki, nyie mnaijua na mwenyewe anajijua. Mimi na shoga yangu tuliyekaa naye chumba kimoja Mabibo Hostel tuliisoma ile habari tukasema hii si ya kukosa, tukalipia kwa simu, tukaunganisha kwenye tivii yake huko Tabata, watoto wakalazwa mapema na kachori zikakaangwa. Mbavu zetu zote zipo Mhariri, hakuna hata moja iliyopata ufa.

Ngoja niwaambie kilichomo ili mtu asije akasema nina wivu. Inaanza gari nyeupe inakuja, inapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari inaingia taratibu, kijana anashuka, anafunga mlango, anaangalia saa, anaangalia juu, anaanza kupanda ngazi, muziki unapigwa tu. Shoga yangu kaenda jikoni kugeuza kachori, karudi, jamaa bado yuko kwenye ngazi. Kumbe hapo ndiyo hosteli! Hosteli ina bwawa la kuogelea, ina sofa za ngozi, kila mwanafunzi na chumba chake na kitanda cha sita kwa sita, na kuna dada wa kazi anawaletea juisi kwenye trei. Mwenzangu akaniuliza, "Shoga, hiki chuo kiko mkoa gani, na maombi bado wanapokea?"

Halafu darasani sasa. Darasa ni sebule ileile ila wamesogeza makochi, unaona kabisa mapazia ni yaleyale, wameweka viti vya plastiki na wanafunzi sita. Profesa anaingia amevaa joho. Joho Mhariri, lile la mahafali la kukodi, na kofia yake yenye kishada kinachomwingia machoni kila akigeuka, anafundisha nalo siku ya kawaida kabisa, na ubaoni kuna hesabu ya fomu tuu wakati tumeshaambiwa hao ni wanasheria wa mwaka wa tatu. Anamwita mmoja ajibu swali, yule kijana anasimama, anajamba, kicheko cha kwenye kompyuta kinapigwa, sini imeisha. Joki ndiyo hiyo. Na kama hukuisikia vizuri usijali inarudi mara nyingi tu, wanajamba darasani, wanajamba kwenye gari, mpaka mkuu wa chuo naye anajamba mwishoni nadhani ndiyo ilikuwa kilele cha hadithi.

Sauti ndiyo usiseme. Kuna sini kijana anamtongoza binti chini ya mwembe, midomo inacheza lakini tunachosikia ni jenereta, binti anaonekana kachekeshwa sana na alichoambiwa na sisi tungependa kujua ni nini maana tungechekea hapohapo na sisi. Wasichana wenyewe kazi yao ni kupita pembeni ya bwawa na kufokewa. Mhariri mimi nimesoma na wasichana ambao bila madesa yao, zile notsi zao, nusu ya wavulana wa darasa wangedisko, maana yake wangefukuzwa kwa kufeli, mwaka wa kwanza, yaani usiku kabla ya tesiti foleni ya kuomba desa inafika kwenye kona ya korido, hao hata mmoja sijamwona humo.

Sasa hayo yote ningesamehe, muvi mbaya nimeshaona nyingi na nyingine nazipenda hivyohivyo na ubaya wake. Kilichoniuma ni kwamba kwenye muvi nzima hakuna mwanafunzi hata mmoja anayetaja bumu. Mnaelewa lakini? Muvi ya chuo cha Tanzania, saa moja na nusu, wanafunzi hawataji bumu!

Kwa wasiopita huko, bumu ni ile hela ya kula na kulala ya mkopo wa Bodi ya Mikopo. Enzi zetu ilikuwa inapigiwa hesabu ya shilingi 8,500 kwa siku, tangu 2022 wenzetu wamepandishiwa ikafika 10,000, lakini haiji kila siku, inakuja kwa mkupuo, na huo mkupuo ndiyo unaoendesha chuo, kalenda ya chuo ni mapambo tu. Siku bumu limeingia korido zote zinanuka chipsi kuku. Mtu aliyekuomba kipande cha sabuni jana leo kasuka rasta mpaka kiunoni na anaongea na simu kwa sauti ya kimeneja. Anayekudai anakuja kukusalimia saa kumi na mbili asubuhi, unayemdai kabadilisha njia ya kwenda kwenye madarasa ya Yombo. Baada ya wiki kadhaa chipsi zinapungua kuku, halafu chipsi zenyewe zinapungua, tunahamia wali maharage, na zile wiki za mwisho kabla ya bumu lingine watu wanapiga pasi ndefu, chai unaivuta mpaka saa tano asubuhi uiite na chakula cha mchana humohumo halafu unaunganisha mpaka usiku, na ukimwona mtu kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya kusomea nje, jioni ametulia na kitabu usidhani anasoma, anapunguza matumizi ya nguvu.

Na kusaini je. Kulikuwa na kusaini bumu enzi hizo, listi inabandikwa, watu wamejaa kama kumbikumbi, unatafuta jina lako kwa kidole, huoni, unaanza tena kutoka juu, huoni, unauliza kwani herufi yangu imehamia karatasi gani. Shoga yangu muhula mmoja jina lake liliandikwa la kiume, ilikosewa herufi moja tu ya mwisho, wakamwambia alete uthibitisho kwamba ni yeye. Akawauliza nithibitisheje, wakaangaliana. Hiyo ukiweka kwenye muvi huhitaji kumvalisha mtu joho.

Halafu kubebana. Chumba kimepangwa watu wanne, mnalala nane kwa sababu kila mmoja kambeba rafiki yake aliyekosa chumba, kitanda chenyewe chembamba mnalala mzungu wa nne, ukigeuka unamwambia mwenzio nageuka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata hosteli mpya mwaka 2017 zinazoingiza wanafunzi 3,840, zimesaidia sana tusikatae, lakini muulize mwanafunzi yeyote wa Mlimani kama kubebana kumeisha akuangalie usoni. Sisi tulikuwa na mbebwa wetu, matroni akipita kukagua anajificha nyuma ya kanga tulizotundika kwenye kitanda cha dabo deka. Siku moja matroni yuko katikati ya chumba na daftari lake, mbebwa akapiga chafya. Kimya. Sisi wote tunaangalia dari. Matroni akasema "pole mwanangu" akaandika alichoandika akatoka zake. Mpaka leo tukikutana lazima mtu apige chafya ya uongo wengine tuitikie.

Sasa mwenzetu dairekta anayajua haya? Sijui. Kama kasoma chuo basi kasahau, na kama hakusoma angekaa Msewe au Changanyikeni siku mbili kwenye magenge angepata hadithi za muvi kumi, bure, hakuna anayekulipisha kusikiliza. Kuna asainimenti za grupu ambazo mtu mmoja hajawahi kuonekana, kazi yake ni kutuma meseji "msisahau jina langu", siku ya prezentesheni ndiyo anakuja amevaa suti na anataka yeye ndiye asimame mbele. Kuna kufungua ARIS, ule mfumo wa chuo wa mtandaoni, kuangalia matokeo, mnaenda wanne mnashikana mikono, anayefungua wa kwanza akinyamaza tu mnajua ana sapu, mtihani wa kurudia.

Ila nisiwe mchoyo, kuna dakika kama tatu za kweli mle ndani. Wale vijana wanaenda kula kwa mama ntilie, na kibanda nadhani hawakuwa na hela ya kukipamba maana kipo vilevile kilivyo, moshi, jagi la maji la plastiki, sufuria zimechoka. Mama hapakui. Anafuta mikono kwenye kanga, anatoa kaunta buku chini ya beseni la vyombo, analamba kidole, anafunua. Majina hana, kaandika watu kwa sura. Anasoma kwa sauti watu wote wa kibandani wasikie, "Miwani wa Sheria, elfu sita na mia tano. Kipara wa Jiolojia, elfu nne, ulisema bumu likitoka, bumu limetoka umenunua viatu, viatu hivyo hapo." Yaani mtu pekee aliyetaja bumu kwenye muvi nzima ni anayedai!

Shoga yangu alicheka mpaka rimoti ikaingia kwenye bakuli la chatini. Tukarudisha nyuma tukaangalia tena. Hapo ndipo tukaanza kumkumbuka wa kwetu, ambaye ukiwa na deni lake hakunyimi chakula, anakupa wali mlima na mchuzi kijiko, ule wali ukukwame vizuri umkumbuke. Na yule mama wa kwenye muvi hachezi kichekesho, hakodoi macho, hapigi makofi, anasoma madeni tu kwa sura ya mtu anayedai kweli. Kinachotia hasira ni kwamba akisema "viatu hivyo hapo" kamera badala ya kwenda kwenye viatu inaenda kwa staa wetu aliyesimama pembeni anatoa ulimi. Viatu hatukuvionyeshwa mpaka leo.

Najua jibu litakalokuja, nalisikia redioni kila wiki, bajeti ndogo jamani, tuunge mkono cha nyumbani. Sawa. Bajeti ndogo imekodi vipi bwawa la kuogelea? Hela ya ile nyumba na lile gari ingenunua maiki mbili za kubana kwenye kola, na chenji ikamlipa mtu anayejua kuandika akakaa na ile skripti wiki mbili. Dairekta hana hela, wanafunzi wake walitakiwa wawe hawana hela, sisi watazamaji tuliowahi kupita huko tunajua kukosa hela kukoje, yaani kila kitu kilikuwa kimeshakaa mahali pake, yeye kaenda kuazima utajiri ambao hata kuuigiza hajui.

Kuna Mmarekani anaitwa Kevin Smith, alikuwa anauza duka New Jersey, mwaka 1994 katoa muvi ya vichekesho inaitwa Clerks, ilimgharimu dola 27,575, hela nyingine kaikopa kwenye kadi za benki na nyingine kauza vitabu vyake vya katuni. Pa kushutia hana, akashuti hapohapo dukani alipoajiriwa. Mchana duka linauza kwa hiyo kamera inawashwa usiku. Tatizo hadithi ni ya mchana na nje ni giza, afanyeje? Kashusha zile shata za dirishani zisionyeshe nje, halafu kwenye hadithi kaweka kwamba kuna mtu kapachika bigijii kwenye makufuli hayafunguki, basi muuzaji anachukua shuka anaandika kwa kiwi ya viatu kwamba msijali duka liko wazi, anaitundika nje. Ile shida yake imekuwa kichekesho na watu wanaikumbuka mpaka kesho. Picha nyeusi na nyeupe, waigizaji hakuna aliyekuwa anawajua, na iliingiza zaidi ya dola milioni 3. Hakuazima hata baiskeli.

Na kama hamtaki ya mbali tuna yetu. Mzee wetu King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, Mungu amrehemu tangu Agosti 2018, alihitaji nini kukuchekesha? Kiti na mtu wa kubishana naye. Mkimweka na marehemu Sharo Milionea, yule kijana anakuja na mapozi ya kimilionea kutoka juu mpaka chini, mzee anamwangalia tu, unaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mapozi yalichekesha kwa sababu pembeni yupo mtu ambaye hayamwingii akilini. Kwenye muvi ya hawa wenzetu wote wana mapozi, mpaka dada wa kazi ana mapozi, sasa tumcheke nani?

Watu wengine nimewasikia wanalaumu umri, eti wanafunzi wana vitambi na ndevu za mvi. Mimi hilo silioni tatizo kabisa. Aamir Khan alikuwa ameshavuka miaka 40 alipocheza mwanafunzi kwenye 3 Idiots mwaka 2009, na hapa mjini kuna watu wameirudia mpaka wanajibu Kihindi bila kukijua. Mbona hatukuhesabu mvi? Kwa sababu ile presha ya mitihani unaijua, yule mkuu wa chuo unamjua, yule anayekariri kitabu kizima bila kuelewa ulikaa naye dawati moja. Ukinipa presha ninayoijua hata babu nitampokea mwaka wa kwanza.

Sasa nirudi kwenu, maana barua hii ni yenu siyo ya dairekta. Mwandishi wenu aliangalia muvi au aliangalia trela? Nauliza vizuri tu. Maana kama aliiangalia yote na akasema ndiyo maisha halisi ya mwanachuo, basi mtuambie kasoma wapi, kuna wadogo zetu wanamaliza fomu siksi wanatafuta pa kuomba. Na kama aliona trela akaandika, si haki kwa msomaji anayelipia gazeti halafu analipia na muvi kwa kuliamini gazeti. Hata kwa mwenye muvi si haki, leo kaambiwa kaua, kesho ataenda kushuti ya pili na bwawa kubwa zaidi, na ya pili inakuja kwa sababu hii imeishia katikati ya sentensi, kijana kafungua mlango, kasema "kumbe wewe ndiye", mwisho, itaendelea.

Shoga yangu anasema ya pili haoni hata kwa kulipwa, mimi nimemwambia nitaiangalia lakini nyie mtangulie mniambie ukweli. Mtafuteni mwandishi aliyewahi kubebwa au kubeba mtu, chumba cha habari lazima wapo, wenye njaa ya chuo hawajifichi. Akae aangalie mpaka mwisho, aandike sauti ikoje, joki zikoje, nani kaigiza vizuri.

Na katika hilo la nani kaigiza vizuri nina ombi. Tulikaa mpaka majina ya mwisho tukimtafuta yule mama wa kaunta buku. Prodyuza kaandikwa mara tatu, mwenye gari kashukuriwa, mwenye nyumba kashukuriwa na familia yake, fundi wa jenereta naye yupo. Yeye wamemwandika "Mama Ntilie" basi. Mtafuteni mumhoji, muweke na picha yake, na kwanza kabisa mtuandikie jina lake.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kinyerezi, Dar es Salaam